Kiraka Kinachosikia: MFC Juu ya Mpira wa Toleka

Quado (fundi wa matairi) yeyote wa Kisangani anajua kazi ya kiraka: kuziba tundu, basi. Hiki nilichobandika kwenye mpira wa ndani wa toleka, baiskeli yetu ya kubeba abiria, hakizibi kitu. Kinasikia! Gonga mpira kwa ukucha, mstari kwenye kioo cha osiloskopu unaruka, unacheza, unafifia. Na kiraka chenyewe hakina betri. Mtikisiko ndio unaozaa umeme.

Kinaitwa MFC, kimebuniwa NASA Langley miaka ya 1990. Ni nyuzi nyembamba za kauri zilizolazwa kati ya karatasi mbili za plastiki ya Kapton zenye njia za umeme. Unene wote: milimita 0.3 hivi. Kauri ya kawaida ukiikunja inakatika. Hii nimeilaza juu ya mgongo wa mpira, ikaufuata bila ubishi. Jamani!

Utamu zaidi: kinafanya kazi pande zote mbili. Kipe umeme, kinajinyoosha na kusinyaa. Ukiupanga umeme huo uende kinyume na mtetemo, mtetemo unakufa.

Huko angani ndiko hasa kinakohitajika. Mei 1996, chombo Spartan 207 kilichoachiwa na chombo cha anga cha Endeavour kilifungua antena ya kujazwa gesi, upana mita 14, uzito kilo 60 hivi. Ilifunguka kwa fujo, ikayumba ovyo. Kule hakuna hewa ya kuutuliza mtikisiko, na mtambo wa kawaida wa kutikisa au kutuliza ungeielemea ngozi laini namna ile na kuibonyeza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Daniel Inman na wenzake wa Virginia Tech walibandika viraka vya MFC kwenye pete ya Kapton iliyojazwa hewa, wakaitikisa na kuisikiliza bila kuilemea. Pete! Umbo lile lile la mpira wa toleka!

Kasoro zipo. Raba inameza mtetemo haraka kuliko Kapton, kwa hiyo jaribio langu ni la raha zaidi kuliko sayansi. Tena kusikia ni bure, lakini kusukuma kwa nguvu zote kunadai volti 1,500, na umeme wa mtaani kwetu mnaujua wenyewe.

Kwa kusikia nakipa alama zote. Kwa kutuliza, bado nasubiri kifaa cha kupandisha volti. Ukipata kiraka hiki, sugua raba kwa msasa kabla ya kubandika, na nyaya zikishaunganishwa na umeme huo mkubwa, usiziguse kabisa.