Mchagua Kerezo

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini hawakuwahi kusimama mbele ya kerezo la chuma, hela mfukoni, wakingoja kutajiwa bei. Jembe baya humchosha mwenyewe tu. Kerezo baya humdanganya, naye akauza uongo huo kwa jirani. Kuchagua lethi, kama mafundi wetu wanavyoiita, ni ufundi kabla ya ufundi.

Anza na kazi, mashine itafuata. Hapa Bahati, kati ya msitu na barabara ya Nyahururu, hukosi chuma kinachozunguka: mashine ya kukatia ng'ombe nyasi, pampu ya maji, kisiagi cha mahindi, pikipiki ya bodaboda. Mara nyingi huharibika pale shafti inapokutana na beringi. Chukua beringi ya 6205, ile ya kawaida madukani. Tundu lake ni milimita 25. Shafti ikipungua sehemu tatu tu za mia za milimita, upungufu mdogo kuliko unene wa unywele, pete ya ndani huteleza juu ya shafti na kuila polepole. Ikizidi kwa kiasi hichohicho, beringi hubanwa ikapata moto. Mkerezaji anaishi katika nafasi hiyo finyu. Hukata, husimamisha mashine, hushika mikromita, kisha hungoja. Hungoja kwa sababu chuma chenye joto kimevimba, na atakayekipima kikiwa moto atakikuta kimepungua kikishapoa. Subira hiyo mteja haioni, ila ndiyo anayoilipia.

Zamani fundi alishika kisu cha kukerezea mkononi, na kazi ikafuata mtetemo wa mkono. Karibu na mwaka 1800, Henry Maudslay wa London aliunganisha katika mashine moja ya chuma kigari cha kubeba kisu, skrubu ndefu ya kukiongoza, na gia za kubadilisha mwendo wake. Mkono ukapumzika, na dhamana yake ikahamia kwenye kitanda, zile reli ambazo kigari hutembea juu yake. Kosa la kitanda huwa kosa la kila shafti itakayotoka hapo.

Kwa hiyo usinunue rangi. Rangi hupakwa jioni ya kuamkia mauzo. Kitanda hulika zaidi karibu na kichwa cha mashine, kazi nyingi zinapofanyikia, na upande wa mkia hubaki karibu kama ulivyotoka kiwandani. Peleka kigari karibu na kichwa, kaza skrubu zake za kurekebisha mpaka kiwe kizito kidogo kusukumika, kisha kisogeze taratibu kuelekea mkia. Kikitembea kwa uzito uleule, endelea kuzungumza bei. Kikikwama njiani, kitanda kimeshakujibu, hata muuzaji aape vipi.

Kisha soma kibati cha mota. Nyumba zetu hupata stima ya fezi moja, volti 240. Makerezo mengi ya viwandani hutaka fezi tatu, volti 415. Kibati kikiandikwa 240/415, kuna kifaa cha kielektroniki kitakachoiendesha mota hiyohiyo kwa stima ya nyumbani. Kikiandikwa 415 pekee, jumlisha bei ya mota nyingine. Uliza pia kuhusu gia. Kerezo kuukuu la Uingereza mara nyingi hukata nyuzi za skrubu kwa inchi, na bolti za bodaboda ni za milimita, ilhali mabomba ya maji bado yanafuata inchi. Gia ya meno 127 huwapatanisha hao wawili: inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara tano ni 127 kamili.

Kerezo dogo jipya la mezani kutoka Uchina lina haki yake. Huingia mlangoni bila kubomoa ukuta, hutumia stima iliyopo, na hukereza pini na bushi ndogo bila shida. Lakini kwa shafti ya kisiagi, wepesi wake huwa mtetemo, na mtetemo huacha mawimbi juu ya chuma. Mimi ningechukua lile kuukuu, zito, lililopauka, mradi kitanda chake kiwe kizima. Vingi vingine kerezo hujitengenezea lenyewe likiwa na mtu mwenye subira: bushi iliyolika, kipini kilichovunjika, nati ya shaba ya skrubu yake. Kitanda hakimo katika orodha hiyo. Kukichonga upya ni kazi ya karakana kubwa na gharama kubwa. Basi mwenye pesa chache azimalizie hapo, na kilichobaki akipate kwa jasho, kidogo kidogo, juu ya kitanda kilekile.