Mbwa Mmoja, Picha Mbili

Katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyodhihirisha hisia, Charles Darwin ameweka picha mbili za mbwa mmoja, kazi ya mchoraji Briton Riviere. Katika ya kwanza mbwa anamwendea mwenzake kwa shari: miguu imekakamaa, mkia umesimama wima, manyoya ya shingoni na mgongoni yamesimama. Katika ya pili mbwa yuleyule amenywea, mwili umepinda, masikio yamelala.

Picha hizo zimesifiwa sana, ila mimi huvutiwa zaidi na aya zinazozizunguka. Darwin anaanza na mbwa anayemkabili mgeni, anaeleza mwili wake kiungo kwa kiungo, kisha anatutaka tufikirie kwamba ghafla mbwa ametambua kuwa yule si mgeni, ni bwana wake. Kila msimulizi wa ngano anaijua nguvu ya utambuzi wa namna hiyo. Kuanzia hapo maelezo yanapita njia ileile yakipindua kila kitu: mwili uliokuwa wima unashuka, mkia uliokakamaa unateremka na kutikisika, manyoya yanalala, masikio yanarudi nyuma. Usambamba huu ndio hoja yenyewe. Darwin anadai kwamba mkao wa mapenzi haumsaidii mbwa kwa lolote kimwili. Umekuwa hivyo kwa kuwa ni kinyume cha mkao wa shari. Kanuni hiyo aliiita ya ukinzani, na sentensi zake zimejengwa kwa ukinzani huohuo, hata msomaji anakubali kabla hajapima.

Kuna jambo dogo ambalo sichoki kulirudia. Masikio yakivutwa nyuma, anasema Darwin, kope nazo hurefuka, na jicho halionekani tena la mviringo wala la kukodoa. Sikio limebadilisha jicho! Hayo huyaona mtu aliyekaa na mbwa miaka na miaka, akamsoma mwili mzima. Wengi wetu tunasoma mkia tu: ukitikisika, basi ni furaha. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walionyesha kwamba mbwa akimwona bwana wake mkia huvutika zaidi kulia, na akimwona mbwa mgeni mbabe huvutika kushoto. Mkia uleule, habari tofauti.

Hata hivyo, umbo la pande mbili lina gharama yake. Maelezo ya picha ya pili yanaunganisha unyenyekevu na mapenzi kana kwamba ni hali moja. Hofu inakuja baadaye, katika sura nyingine, na haikupewa picha ya mbwa. Kwa hiyo msomaji anafunga kitabu akiwa na mbwa wawili kichwani, wa shari na wa mapenzi, ilhali mbwa mwenye hofu naye hunywea, naye hulaza masikio. Ni rahisi mno kumdhania kuwa yule wa pili.

Sisi wafugaji tunakosea hapohapo. Unarudi nyumbani, kandambili imetafunwa, mbwa amejikunyata pembeni, anakwepesha macho, analamba midomo. Unasema, "Anajua kosa lake." Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa Marekani, alichapisha jaribio lililoonyesha kwamba ule uso tunaouita wa hatia hujitokeza zaidi mbwa anapokemewa, awe amekosa au hajakosa. Mbwa anaisoma sauti yako. Kandambili haimo kabisa katika habari hiyo, na ukimchapa unampa sababu ya kukuogopa kesho.

Picha ya tatu, ya mbwa mwenye hofu, basi, ni kazi yetu kuichora. Jioni hii, kabla ya kumwendea mbwa wako, simama hatua chache umtazame kuanzia miguuni: uzito ameuegemeza mbele au nyuma? Ikiwa ni nyuma, usimfuate wala usimkazie macho. Chuchumaa, mpe ubavu, umwache aje mwenyewe.