Uhuru Afrika: santuri inayoongea Kiswahili

Jamani, mwenzangu, weka chini hicho kikombe. Weka tu, chai ikipoa utachemsha nyingine. Nimetoka kuisikiliza Uhuru Afrika ya mpiga piano wa jazi Randy Weston, na sizungumzii simu wala vile vispika vya plastiki vinavyokoroma. Nazungumzia santuri yenyewe, nyeusi, pana, inazunguka mbele ya macho yangu, na mpaka sasa vidole vinagonga meza vyenyewe, nikiviambia tuandike vinakataa. Ni nzuri. Ni nzuri mno. Ni nzuri ya kutisha, ya kuchekesha, ya kumwamsha jirani usiku wa manane umwambie njoo usikie hiki kitu, na bado!

Ngoja nipumue.

Unanijua, mimi na jazi ni kila siku. Napiga pasi na Thelonious Monk, napika na Duke Ellington, foleni ya jioni naimaliza na John Coltrane masikioni na konda ananigusa bega mara mbili ndipo nikumbuke nauli. Nilidhani nimeshashiba. Tena nina ugonjwa wangu wa pembeni, huu wa kuwinda santuri za Wamarekani zenye Kiswahili. Usicheke, ziko kibao! Lee Morgan alirekodi “Mr. Kenyatta” mwaka 1964, Kenya ndiyo kwanza imepata uhuru. McCoy Tyner ana albamu inaitwa Asante. Gary Bartz ana Taifa. Herbie Hancock akatoa Mwandishi mwaka 1971, na bendi yake wakajipa majina ya Kiswahili: Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali, na Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga. Na huyo Mganga, nakuapia, ni daktari kweli, kasomea udaktari chuoni na ametibu watu! Hiyo stori peke yake huwa inanitosha wiki nzima.

Lakini hizo zote Kiswahili chake kinakaa kwenye jalada na kwenye majina. Hii ya Weston kinatoka ndani ya spika. Mtu anafungua mdomo na kukisema.

Imenifikia hivi. Kuna mzee mmoja Upanga, mstaafu, nimeelekezwa kwake na rafiki: nenda, mzee ana santuri mpaka chini ya kitanda. Nikaenda. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, karibu, nawa mikono kwanza. Nikasema nimeshakula, asante sana. Akanitazama kwa huruma kabisa. “Si kwa ajili ya chakula, mwanangu. Kwa ajili ya santuri.” Nikanawa, nikakausha kidole kimoja kimoja, na ndipo akaniwekea mkononi.

Na hapo ndipo nilipoanza kupagawa. Ile karatasi ngumu ya jalada, kingo zimelainika kwa kushikwashikwa, ina harufu ya kabati, ya karatasi kuukuu, ya ubani kidogo kwa sababu nyumba ile wanachoma ubani. Unaivuta santuri taratibu kutoka kwenye karatasi yake ya ndani, inatoa mchakacho mdogo, na vinyweleo vya mkono vinasimama, kweli vinasimama, umeme ule wa plastiki unavivuta! Unaishika ukingoni kwa viganja, vidole havigusi mistari. Unaiinamisha kwenye mwanga wa dirishani, na mistari yote inawaka na kuzima, na unaona kwa macho mahali penye muziki wa kishindo na mahali palipotulia. Sikujua muziki unaonekana! Mzee akapitisha kitambaa laini, akashusha sindano, na zile chembechembe za vumbi zikaanza kupasuka kama kitunguu kinapoingia kwenye mafuta ya moto.

Halafu ngoma.

Halafu sauti ya mwanaume, haimbi, inasema. Kwa Kiswahili! Kiswahili kilichonyooka, cha mtu anayejua anaongea na nani, na ngoma zinapita chini yake na pembeni yake, zinamwachia nafasi, zinamkata, zinamrudia. Nilishika mkono wa kiti. Nimesikiliza jazi maisha yangu yote kwa lugha za watu, nikikisia, nikiitikia tu, na huyu hapa ananisemesha mimi, hahitaji mkalimani. Mzee anacheka tu pembeni. Anajua. Inaonekana kila mgeni anamfanyia hivyo hivyo.

Aliyesema ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo. Sanga! Mtanzania gani analisikia jina hilo asiwaze Makete? Maneno yenyewe ni ya Langston Hughes, mshairi mkubwa wa Harlem, na Sanga ndiye aliyeyatia kwenye Kiswahili. Sasa shika kichwa, nakutajia mwezi: Novemba 1960. Umeona? Bendera yetu ilipanda tarehe 9 Desemba 1961. Maana yake zaidi ya mwaka mzima kabla ya Uwanja wa Taifa, kabla ya mwenge Kilimanjaro, kuna Mtanganyika studio New York, mbele ya kinasa sauti, anautangaza uhuru katikati ya bendi kubwa ya jazi. Mwaka ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na Weston, mpiga piano wa Brooklyn, hakutaka kungoja mtu amwalike kwenye sherehe. Aliandaa ya kwake.

Na hakuwa anabahatisha. Baba yake, mwenye mgahawa Brooklyn, alimlea kwa kumwambia kuwa yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, basi. Kijana akakua mrefu zaidi ya mita mbili, mikono mirefu ajabu, na huo mkono wa kushoto! Mwenzangu, huo mkono wa kushoto! Haubonyezi piano, unaikanyaga. Noti za chini zinakuja nzito, zenye ukungu, unazisikia tumboni kabla ya masikioni, na kikombe cha chai cha mzee kilikuwa kinatetemeka kwenye kisahani chake. Sitii chumvi. Nilikitazama.

Sasa hilo genge aliloliita studio, sijui nianzie wapi. Zaidi ya watu ishirini! Freddie Hubbard na Clark Terry kwenye tarumbeta. Yusef Lateef. Kenny Burrell kwenye gitaa. Mabesi mawili, Ron Carter na George Duvivier, mawili kwa mpigo, mmoja hakumtosha! Max Roach, baba wa dramu, humu ndani kapewa marimba, na anaipiga utadhani ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Ngoma kamwita Babatunde Olatunji wa Nigeria, kawaita Candido na Armando Peraza wa Cuba, yaani ngoma zilizovuka bahari zikiwa utumwani na ngoma zilizobaki nyumbani zimekaa chumba kimoja zinaulizana habari za miaka mingi. Na bado! Aliyewapanga wote hao, aliyekaa na kalamu akaandika nani aingie wapi na nani anyamaze, ni mwanamke: Melba Liston, mpiga tromboni, aliyekuwa amepita kwenye bendi ya Dizzy Gillespie kabla ya hapo. Mimi namtaja dada huyu kwa sauti kubwa kwa sababu watu wanapiga kelele Weston, Weston, wanamruka yeye. Sikiliza tarumbeta na tromboni zinavyoingia pamoja halafu ghafla moja inateleza chini na kukuacha unaning’inia. Hiyo ni kalamu ya Melba. Watu hawa wawili walifanya kazi pamoja kwa miaka na miaka, na ukisikiliza unaelewa kwa nini hawakuachana.

Sehemu ya “African Lady”, nisikudanganye, haikuninasa mara moja. Martha Flowers anaimba kwa sauti ya juu ile ya opera, safi, iliyosomewa, na mtu aliyelelewa na taarabu na dansi anaweza kukunja uso kidogo. Mimi nilikunja. Kisha anaingia Brock Peters, sauti nene, ya chini, ya kuegemea, na filimbi inapitapita kati yao, na nikajikuta nimesogea mbele kwenye kiti bila kuamua kusogea. Wanamsifu mwanamke wa Kiafrika, wa hapa na wa kule, bila haraka, bila kumbembeleza. Mpe Martha nafasi. Na kama hukumpenda mara ya kwanza hujafanya dhambi.

“Bantu” sitaki hata kukueleza. Ngoma, ngoma, ngoma, halafu bendi nzima inamwagika juu yake. Basi. Simama tu.

Kwa sababu mimi moyo wangu wote uko kwenye “Kucheza Blues”! Ndiyo, ndiyo, hilo ndilo jina la kipande cha mwisho, na kinafanya hasa linachosema. Blues ya kucheza! Sherehe imekolea, hotuba zimeisha, viti vimesogezwa ukutani. Kinatembea kwa maringo, kizito kiunoni, chepesi miguuni, vyombo vinapokezana vikichokozana, na ngoma zile za Nigeria na Cuba hazikubali blues ikae mahali pake, zinaisukuma, zinaizungusha, zinaileta nyumbani. Nikasikia kitu ninachokijua. Wazee wetu walipoziita bendi zao Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, vijana wa siku hizi wanacheka, wanasema mbona hiyo ni rumba na dansi, jazi iko wapi? Waleteni hapa! Wakae kwenye zulia la mzee wasikilize “Kucheza Blues”, halafu waniambie kama hawa wa New York na wale wa Morogoro hawangeelewana kwa kutazamana tu. Mimi niliinuka. Nilicheza kwenye nyumba ya watu, mbele ya mzee, bila viatu. Na mzee naye, mikono kwenye magoti, mabega yanakwenda!

Nilipokaa, nahema, akaniambia jambo lililonirudisha wima. Makaburu waliipiga marufuku. Kweli kabisa, mwaka 1964, serikali ya Afrika Kusini iliikataza santuri hii. Hebu fikiria askari na bunduki zao, na bado tarumbeta inawanyima usingizi! Nilipoisikiliza tena nikiwa najua hilo, hata ile sehemu niliyoikunjia uso ilisimama tofauti.

Nakuomba sasa, kama unaniamini hata kidogo. Ukiipata kwenye intaneti, isikilize, usingoje santuri, lakini tafuta spika zenye kifua, maana simu inakula ile piano ya chini na unabaki na kelele za juu juu. Usiiweke huku unaosha vyombo. Mwanzo ule wa Sanga ukae chini, umsikilize, ni mkubwa wako anaongea. Ukifika mwisho sogeza meza. Na ukiwa mjini, zungukia kwa wazee wenye santuri, waulize kwa adabu, nawa mikono kabla hujaambiwa, kwa sababu utofauti ni mkubwa mno, mkubwa ajabu: kwenye santuri unasikia chumba, unasikia watu wamesimama karibu karibu, unasikia mtu anavuta pumzi kabla ya kupuliza. Sijui nikueleze vipi zaidi ya hapo. Unakuwa nao.

Nikaaga. Nikavaa viatu, mzee nashukuru sana, nimefaidi, Mungu akuweke. Mzee hata hakuinuka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, anachomoa nyingine, Weston tena, Highlife, aliyoirekodi mwaka 1963 baada ya kufika Lagos kwa miguu yake mwenyewe na kuzisikia bendi za huko. “Sasa unakwenda wapi,” akaniuliza, “na hii bado?”

Nikavua viatu.