Majina Matano, Kazi ya Mmoja

Mwaka jana binti yangu alirudi likizo hapa Mwanga akiwa na alama nzuri katika somo la kuandika programu za kompyuta. Ilikuwa kazi ya kikundi cha watu watano. Nilimpongeza, tena mbele ya majirani. Usiku nikamwomba anieleze programu ile inavyofanya kazi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba, mimi niliandika utangulizi tu. Programu aliiandika mwenzetu mwenye laptopu."

Msomaji, sipingi vyombo vipya. Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002, ilijengwa kwa imani kwamba watu hujifunza wanaposhirikiana kutengeneza jambo. Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya. Lakini Git ilitengenezwa kwa ajili ya mafundi wa Linux, watu waliokwisha kuijua kazi yao. Huonyesha nani kauandika mstari. Haionyeshi nani kauelewa. Chuo kinachopokea kazi moja na kutoa alama moja kwa watu watano kimepima kazi, hakikupima wanafunzi.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zifundishe kufanya kazi pamoja kwa faida ya wote. Hakusema mmoja afanye na wanne waandikishe majina. Hata kwenye mitumbwi ya dagaa hapa ziwani, mwanagenzi hushikishwa kamba, akakosea, akaelekezwa.

Dawa ipo, wala si ya gharama. Kent Beck, katika kitabu chake cha mwaka 1999, aliwashauri watengenezaji programu wakae wawili kwenye kompyuta moja: mmoja aandike, mwenzake afuatilie na kuuliza, kisha wabadilishane. Kwetu, ambako laptopu moja huhudumia wengi, jambo hilo linawezekana hata kesho. Na mhadhiri amwite kila mwanafunzi aeleze sehemu ambayo hakuiandika.

Likizo ile binti yangu alitoa karatasi za programu ya mwenzao, tukakaa mezani. Mimi nisiyejua lolote nikauliza kila mstari una kazi gani. Naye akatafuta majibu. Alama yake haikubadilika, ila alirudi chuoni akiweza kueleza nusu ya kazi iliyobeba jina lake.