Bogolan: Kupaka Kando ili Mchoro Utokee

Anayeiona nguo ya bogolan kwa mara ya kwanza huona mistari myeupe juu ya weusi, akadhani fundi alichukua rangi nyeupe akachora. Hakuna hata tone la rangi nyeupe lililotumika. Weupe ule ni pamba yenyewe, na kuufikia kumechukua wiki kadhaa za kazi ambayo karibu kila hatua yake inakwenda kinyume na mazoea yetu ya kuchora.

Nguo hii ni ya Wabamana wa Mali, na eneo linalosifika kwa ufundi wake ni Beledougou, kaskazini mwa Bamako. Wanaotengeneza batiki Dar es Salaam au Nairobi wataielewa nusu ya kazi hiyo papo hapo: wao huziba kwa nta pale wasipotaka rangi iingie, kisha hutumbukiza kitambaa chote kwenye beseni. Mwanamke wa Beledougou hana nta. Kinachoulinda mstari wake ni mkono tu, unaopita ubavuni mwa mstari huo bila kuugusa.

Kitambaa chenyewe kwa desturi ni pamba iliyosokotwa na wanawake na kufumwa na wanaume. Hutoka kikiwa vipande virefu vyembamba, upana wa kama sentimita 15 hivi, ambavyo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka viwe nguo moja pana. Uzi wa kusokotwa kwa mkono hunywa maji vizuri, na nguo hii itanyweshwa mara nyingi.

Kwanza nguo hulowekwa katika maji ya majani ya n'gallama, mti ambao wanasayansi huuita Anogeissus leiocarpus. Hutoka ikiwa njano, ikaanikwa juani. Njano hii ndiyo inayowapotosha wengi, kwa sababu wanaihesabu kuwa rangi ya kwanza ya nguo, ilhali kwenye kazi ya kale ya weusi na weupe haitakiwi ionekane mwishoni. Kinachotafutwa ni tanini iliyomo kwenye majani yale, ambayo sasa imeshika nyuzi zote na kukaa humo ikisubiri chuma.

Ukitaka kuona kinachofuata, chemsha chai ya rangi iliyokolea sana, itie kwenye kopo, tumbukiza msumari wenye kutu na uuache humo usiku kucha. Asubuhi utakuta maji yamekuwa meusi. Tanini ya majani ya chai imekutana na chuma, na viwili hivi vikikutana huzaa weusi. Wino ambao Ulaya iliuandikia vitabu na hati kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo. Mafundi wa Mali wao walivipata vyote viwili kwenye mazingira yao: tanini mtini, chuma matopeni.

Lakini si tope lolote. Huchotwa chini ya madimbwi na kutiwa katika chungu, nalo huachwa humo lichachuke kwa muda mrefu, hata mwaka mzima. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye akili kubwa kuliko kwingine kote katika kazi hii. Chuma kilichomo katika udongo mwekundu wa kawaida ni kutu: hakiyeyuki katika maji, kwa hiyo hakiwezi kupenya kwenye uzi. Tope likifunikwa na maji, hewa haifiki. Vijidudu vinavyoishi humo hukosa oksijeni na kukigeuza chuma kile kuwa cha aina inayoyeyuka. Likipakwa kwenye nguo, chuma huingia ndani ya nyuzi na kukutana na tanini. Kisha nguo hukauka, hewa inafika, na mchanganyiko ule hugeuka kuwa weusi usioyeyuka tena, umekwisha kunasa ndani. Ndiyo maana fundi anaweza kuosha udongo wote ukaisha na weusi ukabaki. Bogolan haikupakwa udongo ukagandia juu yake. Udongo ulileta chuma, ukaondoka.

Sasa tuje kwenye kuchora. Tuchukue mstari mmoja wa kupindapinda, kama meno ya msumeno. Fundi hauchori. Kwa kijiti au kwa kipande chembamba cha chuma, anauwekea tope upande wa juu, akifuata kila pembe, kisha upande wa chini, akiacha katikati kijia chembamba cha njano. Pembe za ndani ndizo ngumu kuliko zote, kwa kuwa tope likiwa jepesi kidogo tu hutambaa kwenye uzi na kuijaza pembe, na kijia kikishajaa hakuna kufuta. Akimaliza kingo ndipo anapochukua kifaa kipana na kujaza uwanja uliobaki. Kwa hiyo muda wote huo macho yake yako kwenye kitu ambacho mkono hautakiwi kukigusa.

Nguo hukauka, huoshwa, hurudishwa kwenye maji ya tanini, kisha tope hupakwa upya palepale lilipopita mara ya kwanza. Mpako mmoja huacha weusi uliofifia, wa kijivu. Wa pili ndio unaokoleza.

Halafu inabaki ile njano kijiani. Fundi hutengeneza mchanganyiko wenye soda kali, pamoja na karanga zilizosagwa na pumba za uwele, akaupaka juu ya kila mstari wa njano, mmoja baada ya mwingine. Njano hugeuka kwanza kuwa kahawia, jambo ambalo kwa asiyejua linaonekana kama nguo imeharibika. Inaachwa juani siku kadhaa, hadi wiki, kisha inaoshwa. Soda na jua vimeiondoa tanini kijiani, na pamba imerudi nyeupe.

Nguo hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya kupendeza tu. Wawindaji walivaa mashati yake, na wanawake walijifunga nguo hizi katika nyakati zilizoaminika kuwa za hatari, kama baada ya kujifungua. Michoro ina majina na maana, na binti aliipokea kwa mama au bibi yake pamoja na ufundi wenyewe. Katika mikono kama ya Nakunte Diarra wa Beledougou, ambaye kazi zake zimefika hadi kwenye makumbusho ya Marekani, kijia cheupe kinakimbia nguo nzima bila kutetereka.

Mwaka 1978 wasanii sita waliosomea sanaa Bamako waliungana kwa jina la Groupe Bogolan Kasobane, wakaongeza rangi nyingine za mimea na udongo na kuitumia njia hii kuchora picha kamili. Mbunifu Chris Seydou, mzaliwa wa mji wa Kati nchini Mali aliyefariki mwaka 1994, aliifikisha kwenye majukwaa ya mitindo. Mkasi ulimpa kazi, maana nguo iliyochorwa ili ikae nzima inapokatwa vipande vya koti hupoteza mpangilio wake.

Soko la watalii nalo limezaa njia ya mkato: mchoro hukatwa kwenye karatasi ngumu, tope hupitishwa katika matundu, na unapata mchoro mweusi juu ya njano kwa muda mfupi. Tope ni lilelile na chuma ni kilekile, na wanaoifanya wanalisha familia. Ila kazi imegeuzwa ikawa ya kuchora kawaida, na kijia kimetoweka.

Ukiishika nguo dukani, anza na mshono unaounganisha vipande: kwenye nguo ya mkono, mstari hupotoka kidogo unapouvuka, kwa sababu fundi ameuvusha pale kwa jicho. Kisha tazama ncha za pembe ulizoambiwa ni ngumu. Bei ya nguo ya namna hiyo huwa juu, na ni haki yake, kwani kila mstari mweupe umewekewa tope pande zote mbili mara mbili, ukapakwa soda kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho.