Wanja na Swali la Mwenye Kilabu

Wahakiki wengi humsoma Wanja wa Petals of Blood (1977) kama malaya, basi. Usomaji huo unaruka swali kubwa: pombe ni ya nani?

Hebu tumtazame kutokea Tosamaganga, Iringa. Pale mama mwenye kilabu cha ulanzi hupokea utomvu wa mianzi wakati wa mvua. Anajua upi bado mtogwa na upi umekolea, nani akopeshwe, na nani aambiwe, "Baba, nenda nyumbani sasa." Ujuzi huo ndio mtaji wake.

Wanja naye alikuwa hivyo. Kutengeneza Theng'eta alijifunza kwa bibi yake, Nyakinyua. Yeye na Abdulla wakakuza baa yao Ilmorog. Kisha matajiri wanainyakua, kinywaji cha mila kinakuwa bidhaa ya kiwanda. Hapo ndipo Wanja anapofungua danguro, akanyonya wasichana wengine kama alivyonyonywa yeye.

Kweli, kosa hilo ni lake. Lakini jamani, Ngũgĩ hailaani baa, anaulaani unyang'anyi. Tukimhukumu Wanja peke yake, tunawasafisha walionyang'anya.