Hesabu ya Copenhagen: jiji lililopunguza moshi likakwama mwishoni

Mwaka 2012 baraza la jiji la Copenhagen lilipitisha mpango wa kulifanya jiji hilo la pwani kuwa mji mkuu wa kwanza duniani usioongeza hewa ukaa, ifikapo 2025. Agosti 2022, miaka mitatu kabla ya tarehe hiyo, viongozi wake wakakiri kwamba hawatafika kwa wakati. Hata hivyo, hewa ukaa iliyohesabiwa jijini ilikuwa imeshapungua kwa takriban asilimia 80 kutoka kiwango cha 2005. Mafanikio ya namna hiyo ni nadra sana. Ndiyo maana inafaa kuuliza hesabu yenyewe ilijengwaje, na kwa nini sehemu ndogo iliyobaki ikawashinda.

Wataalamu walianza kwa kuchora mstari wa mambo yatakavyokuwa bila mpango wowote mpya. Mwaka 2011 jiji lilitoa tani milioni 1.9 hivi za hewa ukaa, na kwa sera za taifa zilizokuwepo, kiwango hicho kilitazamiwa kushuka hadi karibu tani milioni 1.2 mwaka 2025. Mpango ulipaswa kufuta kiasi hicho kilichobaki. Takriban robo tatu ya upunguzaji huo iliwekwa kwenye uzalishaji wa umeme na joto. Hapo walikuwa na akili. Karibu nyumba zote za Copenhagen hupata joto kwa mabomba ya pamoja yanayotoka kwenye mitambo michache mikubwa, kwa hiyo ukibadilisha kinachochomwa mtamboni, umebadilisha maelfu ya nyumba kwa mkupuo bila kugonga mlango wa mtu. Makaa ya mawe yakaondolewa katika mtambo wa Amager, zikaingia kuni zilizosagwa vipande vidogo.

Kuni hizo ziliandikwa sifuri. Kanuni ya kimataifa inasema kaboni ya mti huhesabiwa pale mti ulipokatwa, katika hesabu ya ardhi na misitu, si pale unapochomwa. Mkazi wa Dar es Salaam ataona haraka uzito wa jambo hili, maana mkaa unaowaka kwenye jiko la Mbagala umetokana na miti ya Pwani au Morogoro. Kwa kanuni hiyo jiko la mjini linaonekana safi na deni linabaki msituni. Kanuni yenyewe si hila, kwani inazuia kaboni ileile kuhesabiwa mara mbili. Lakini jiji likinunua kuni kutoka nchi nyingine, modeli yake ya kuhesabu hewa ukaa haioni tena kama mti mwingine ulipandwa.

Magari ndiyo yaliyokuwa mtihani mgumu zaidi. Baiskeli za Copenhagen zinajulikana dunia nzima, ila malori na magari binafsi bado yanachoma mafuta. Mapema mwaka huohuo wa 2012, serikali ya Denmark iliachana na wazo la kutoza magari yanayoingia jijini, na jiji halikuwa na mamlaka ya kutoza lenyewe. Modeli ikatafuta njia ya pembeni: kampuni ya huduma inayomilikiwa kwa sehemu kubwa na jiji, HOFOR, ijenge mitambo mingi ya upepo, umeme unaozidi mahitaji uingie gridi ya taifa, na jiji lijihesabie hewa ukaa iliyoepukwa kama fidia ya magari yake.

Hapa ndipo naona udhaifu mkubwa kuliko wote. Megawati-saa moja ya upepo ikichukua nafasi ya umeme wa makaa ya mawe, inaepusha karibu tani nzima ya hewa ukaa. Ikiingia kwenye gridi ambayo tayari imejaa upepo, inaepusha kidogo sana. Maana yake, kadiri Denmark nzima inavyofanikiwa kusafisha umeme wake, ndivyo fidia ya jiji inavyopungua thamani. Mafanikio ya taifa yanakula akiba ya jiji, huku magari yakiendelea kutoa moshi uleule.

Mzigo ukazidi kuangukia sehemu moja: tanuri la taka la Amager Bakke, lililoanza kazi mwaka 2017. Linageuza taka kuwa umeme na joto, lakini plastiki iliyomo inatoa hewa ukaa ya mafuta ya petroli. Kampuni ya ARC, inayolimiliki kwa niaba ya manispaa tano, ilipanga kunasa tani 500,000 za hewa ukaa kwa mwaka kabla haijatoka kwenye dohani. Kwa kuwa sehemu kubwa ya taka ni mabaki ya chakula, karatasi na mbao, kaboni yake ikinaswa na kuzikwa chini ya ardhi huhesabiwa kama imeondolewa hewani. Hivyo dohani moja ingeweza kulipia plastiki na kubaki na ziada ya kufidia magari. Mwaka 2022 ARC ilishindwa kutimiza sharti la mtaji lililohitajika ili kuomba ruzuku ya serikali. Mradi ukakwama, na lengo la 2025 likaanguka nao.

Teknolojia haikuwa imekosewa. Kilichokosekana ni hesabu ya pili, ya mwaka 2025 bila unasaji na bila fidia ya upepo, ichapishwe kando ya ile ya kwanza. Ningependa kila kipengele cha modeli ya jiji kibebe alama ya nani mwenye uamuzi: baraza la jiji, bunge, soko la umeme au mkopeshaji. Kwa alama hizo, madiwani wangeona tangu mwanzo kwamba kubadilisha mitambo ya joto kulikuwa mikononi mwao, na kwamba tozo ya magari ilikuwa ya kupiganiwa bungeni mwaka baada ya mwaka badala ya kufidiwa kwenye karatasi.

Sasa Copenhagen imejiwekea lengo jipya la 2035, na safari hii inahesabu pia bidhaa ambazo wakazi wake wananunua kutoka nje ya jiji.